Miezi Minne, Idi Mbili

Mwezi uliopita tulimzika Fundi Salehe, na kwenye matanga mwanawe mkubwa alinisimamisha mbele ya watu. "Mzee Masanja," alisema, "wewe ndiye mwanafunzi wa kwanza wa marehemu, na ndiye uliyekaa naye miaka mingi kuliko wote. Tuambie mawili matatu." Nyumba iko Buzuruga, watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani, na birika la kahawa lilikuwa likizunguka. Nilisimama, nikasema marehemu alikuwa fundi, tena fundi hasa, nikaketi. Watu waliguna kwa huruma, wakadhani ni majonzi. Sikuwa na majonzi. Nilikuwa na hasira ya miaka arobaini, na hasira ya namna hiyo haina pa kwenda matangani kwa mtu aliyekufundisha kazi iliyokulisha wewe na wanao. Tulipokuwa tunarudi nyumbani mjukuu wangu aliniuliza kwa nini nilisema maneno machache vile, nikamwambia nitamwandikia. Sasa namwandikia, na nitaandika mwaka mmoja tu, kwa kuwa mengine yote nimeyapata kwa sababu ya mwaka huo.

Niseme mapema kwamba sikusingiziwa. Nilikuwa mwizi. Miaka michache kabla ya vita ya Hitler nilikuwa hamali katika duka la Bwana Lalji, mjini Mwanza, nikibeba majora ya nguo kutoka stesheni hadi ghalani kwake, na siku moja jora moja la marekani halikufika ghalani. Nilijitwika saa sita mchana, nikatoka nalo mjini kwa miguu kuelekea Kisesa, nikiwaamkia watu njiani kama mtu aliyetumwa. Nilikamatwa kabla jua halijazama, kwa sababu hakuna hamali wa Mwanza aliyewahi kutumwa Kisesa na jora zima, na kila niliyemwamkia alinikumbuka. Bwana Lalji alikuwa Mhindi aliyezaliwa hapa hapa, baba yake alifika enzi za Wajerumani, naye alisema Kisukuma cha kuwachekesha wazee. Hakimu alipomuuliza kama ana neno, alisema, "Mzigo aliubeba vizuri. Haukuchafuka." Watu walicheka mahakamani, na mimi nikacheka, kisha nikasomewa mwaka mmoja na nusu.

Miezi sita ya kwanza nilivunja mawe. Mwanza haijawahi kupungukiwa na mawe, na serikali ya Mwingereza haikupungukiwa na wafungwa, kwa hiyo vitu hivyo viwili vilikutanishwa kila asubuhi. Halafu akaja Bwana Jela mpya, mtu mwembamba mwenye kikohozi, aliyeamini kwamba mfungwa akitoka na kazi mkononi harudi, na akitoka mikono mitupu atarudi kabla nguo zake za jela hazijapata mtu mwingine wa kuzivaa. Alisafisha ghala la zamani la mahindi, akaweka cherehani sita za mkono, akawatoa watu wazima sita kwenye mawe. Tungeshona sare za askari na kaptula za wafungwa, na atakayejifunza vizuri angepewa cheti chenye mhuri siku ya kutoka. Mimi nilikuwa sijawahi kushika sindano. Nilichaguliwa kwa kosa: Bwana Jela aliona kwenye karatasi zangu kwamba kesi yangu ilihusu nguo, akadhani nina uzoefu nazo. Sikumkosoa.

Chumba kile nakiona mpaka leo kuliko nyumba niliyozaliwa. Kilinuka pumba na mafuta ya cherehani. Kilikuwa na dirisha moja la nondo lililotazama ziwa, na ukutani karibu na mlango kulikuwa na misumari sita ambapo tulitundika kofia zetu za jela kabla ya kuketi, kwa amri. Mkasi ulikuwa mmoja, nao ulikaa katika sanduku la mwalimu. Mfungwa hakuruhusiwa kuushika. Kwa hiyo kila tulipomaliza mshono tulipiga fundo dogo kwa ndani, tukakata uzi kwa meno. Mchana tuliletewa ugali wa muhogo na maharage, na Jumapili furu, samaki wa ziwani, waliochemshwa kwa chumvi, wadogo mno, vichwa vingi kuliko nyama. Tulikula palepale sakafuni, wawili wawili kwa sahani moja. Mwenzangu wa sahani alikuwa Magesa, Mjita aliyemvunja mtu mkono katika ugomvi wa wavu. Alikuwa mtu wa utani, na hakuwa na choyo. Nyama za furu alinisogezea mimi, yeye akatafuna vichwa, akidai vina akili ndani. Alikaa kwenye cherehani ya mwisho, chini ya misumari ya kofia. "Masanja," aliniambia wiki ya kwanza, "wewe una mkono mwepesi. Ndiyo maana ulikuwa mwizi. Mimi wangu mzito, ndiyo maana nilimvunja mtu."

Mwalimu wetu alikuwa Fundi Salehe. Alitoka katika zile familia za Waislamu wa mjini zenye damu ya Mmanyema huku na ya Mwarabu kule, na kabla ya kuajiriwa jela alikuwa ameshona miaka mingi kwenye baraza ya Bwana Lalji. Nilipokuwa hamali nilimwona kwa mbali tu, maana sisi wa mizigo tulipitia mlango wa nyuma. Vijana wa leo wanaonunua nguo zilizoshonwa tayari hawajui utaratibu ule. Mtu aliingia dukani akanunua kitambaa kwa Mhindi, akatoka nacho mlangoni, akamkabidhi fundi aliyeketi barazani palepale, akapimwa, akaambiwa siku ya kurudi. Duka lisilo na fundi mzuri barazani liliuza kidogo, na fundi asiye na baraza hakuwa fundi, alikuwa mtu mwenye cherehani tu. Wenye duka walichagua kwa makini nani akae mlangoni pao, maana huyo ndiye aliyebaki na nguo za watu. Fundi Salehe alikuwa na baraza bora mjini, na jina lake lilitajwa kila ilipotajwa kanzu. Asubuhi alikuja jela, alasiri alirudi barazani kwake.

Alinipenda, au hivyo ndivyo nilivyoona. Alikuwa na sauti ya taratibu, hakututukana hata mara moja, na katika jela mtu asiyekutukana unamwona kama baba. Alinifundisha kujua kitambaa kwa vidole. Alinifumba macho kwa kitambaa, akanipa vipande vya kaki, marekani na bafta, nikavitaja kimoja kimoja, na nilipopatia alinipiga begani, akasema, "Huyu ni mwanangu." Nilidhani ni mbinu ya kufundisha. Haikunipitikia kwamba yeye mwenyewe alikuwa akifanya kazi kwa namna hiyo kwa kuwa hakuona. Sindano zake tulimtungia uzi sisi, kwa zamu, na yeye alituambia kumtungia mwalimu uzi ni adabu. Adabu hiyo tuliishika sana.

Mwezi wa tatu alileta bafta nyeupe ndani ya kikapu, chini ya kaki za serikali. "Hii ni kanzu," aliniambia. "Ni mtihani wa cheti." Nilishona siku tatu, nikatarizi shingo kwa uzi wa hariri huku ulimi ukinitoka kama mtoto anayejifunza kuandika. Aliipapasa kila mshono, akaiweka kikapuni. Wiki iliyofuata ukaja mtihani mwingine. Mpaka mwaka ule unakwisha nilikuwa nimefanya mitihani mingi kuliko mtoto yeyote wa misheni. Sikuwa mjinga kiasi cha kutojua kwamba kanzu hizo zilikuwa na wenyewe mjini, na askari wa getini naye alivaa mojawapo. Lakini niliridhika. Nilijiambia kwamba mkono wangu umeshatoka jela kabla yangu, na mimi nitaufuata.

Maana alikuwa ameniahidi. "Siku utakayotoka," alisema, tena mbele ya Magesa, "usipite popote. Njoo moja kwa moja kwenye baraza. Lalji ameagiza cherehani ya pili. Hiyo ni yako." Nikamwambia Bwana Lalji ndiye niliyemwibia. Akacheka. "Nimesema naye. Anasema mwizi anayemjua hamtishi, anamwogopa asiyemjua." Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu duniani: kukaa kwenye baraza ile mchana kweupe, kila mtu ananiona, na nguo za watu ziko mapajani mwangu, na hakuna anayezihesabu. Kurudi kwetu nikiwa mwizi aliyefungwa nisingeweza. Bila baraza ningekuwa hamali, na nani angempa jora hamali aliyefungwa kwa jora? Mfungwa mwenye adabu alipunguziwa siku, na mimi nilipunguziwa miezi minne. Nilitakiwa nitoke siku chache kabla ya Ramadhani. Asubuhi moja Fundi aliingia amechangamka, akatutangazia kwamba mashine imefika jana jioni kwa treni, mpya, bado ina karatasi, na leo Lalji anaifungua. Magesa aliruka akanikumbatia kana kwamba ni yake. Usiku ule hatukulala kwa kupanga: yeye akitoka nitamwombea nafasi ya kukata vitambaa, tutapanga chumba kimoja, tutakula furu walio na nyama.

Siku ya kumi na nne baada ya hapo, zikiwa zimebaki siku tisa nitoke, sindano ilipotea. Sindano katika jela si jambo dogo, kwa askari ni silaha. Fundi alizihesabu kwenye kikopo chake mchana kabla ya kuondoka, kama kawaida, akahesabu tena, akamwita askari kwa sauti ya huzuni. Tulivuliwa nguo, tukapekuliwa mpaka vinywani. Kisha askari akaanza kupapasa kofia msumarini, moja baada ya nyingine, na ya kwangu ikamchoma kidole. Sindano ilikuwa imechomekwa ndani ya ukingo, imelazwa vizuri, kwa mkono unaojua kitambaa. Bwana Jela alikuja mwenyewe akikohoa. Aliniangalia kwa masikitiko zaidi ya hasira, na hilo liliniuma kuliko kofi. Akasema nimepoteza miezi yangu minne, na cheti pia.

Hapa ndipo ninapotaka mjukuu wangu asome polepole. Wakati Bwana Jela amekwenda kuandika karatasi zake, Fundi Salehe alinivuta pembeni. Machozi yalimtoka, nimeyaona kwa macho yangu. "Mwanangu, mimi najua si wewe," alisema. "Lakini nani hukaa chini ya kofia? Mimi sisemi. Mimi ni mwalimu wa wote." Hakusema zaidi. Hakuhitaji kusema zaidi, nilimalizia mwenyewe. Nilikumbuka jinsi Magesa alivyonitania kwamba nikiondoka yeye ndiye atakuwa fundi mkuu wa chumba. Nilikumbuka hata lile kumbatio, nikaliona la uongo. Bwana Jela aliporudi kuniuliza kama nina neno, nilisema nimemwona Magesa akigusa kofia yangu. Sikuwa nimemwona. Nilisema kwa kinywa hiki, nikarudia mara mbili kwa sababu mkalimani wa Bwana Jela hakusikia vizuri. Magesa hakujitetea. Aliniangalia tu mdomo wazi, mpaka askari alipomshika kwapa. Alirudishwa kwenye mawe jioni ileile. Miezi yangu sikurudishiwa, kwa kuwa sindano ilikuwa kofiani mwangu vyovyote vile, na mimi pia nilikuwa niende kwenye mawe, ila Fundi Salehe alimpigia Bwana Jela magoti, akamwomba nibaki kwenye cherehani. Alikubaliwa. Niliushika mkono wake kwa mikono yangu miwili, nikaubusu.

Ramadhani ile nilishona kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Mitihani ilikuja mitatu mitatu kikapuni. Cherehani ya Magesa ilipewa mtu mwingine, na sahani yangu nilikula peke yangu. Siku ya Idi chumba kilifungwa, nikatolewa na kundi la wafungwa kwenda kufyeka majani kando ya barabara, na hapo ndipo watu waliotoka kuswali walipotupita. Nilisimama na panga mkononi. Kanzu ya kwanza niliijua kwa jinsi pindo lilivyolala, ya pili kwa shingo, na baadaye nikaacha kuzitafuta kwa sababu zilikuwa zinanijia zenyewe: mji mzima ulikuwa umevaa kazi yangu. Fundi Salehe alikuwa katikati yao, watu wanampa mkono, wanamsifu. Alinipita karibu sana, kiasi cha kusikia harufu ya udi, na hakunigeukia. Nikajiambia hajaniona. Nilikuwa na fahari siku ile, Mungu anisamehe, nilitaka kumwambia askari aliyetusimamia, "Zile zote ni zangu." Baada ya Idi hiyo zikaja kanzu za Idi Kubwa, nazo nikazishona.

Nilitoka siku chache baada ya Idi Kubwa, bila cheti, na nguo zilezile nilizokamatwa nazo. Nilifanya kama nilivyoambiwa, sikupita popote. Baraza ya Lalji ilikuwa kama nilivyoiota. Cherehani ya Fundi upande wa kulia, na upande wa kushoto ile mpya, imefunikwa kwa kitambaa. Fundi mwenyewe alikuwa ameenda kuswali adhuhuri. Bwana Lalji alitoka mlangoni, akaniangalia kutoka miguuni hadi kichwani. "Mwangaluka, Masanja," aliniamkia kwa Kisukuma, salamu ya asubuhi, ingawa asubuhi ilikuwa imekwishapita. Nikamwitikia, nikamwomba radhi kwa lile jora. Alipunga mkono kama anayefukuza nzi. Akaingia ndani, akatoka na kanzu iliyoletwa kurekebishwa, akaigeuza pindo nje, akanionyesha vifundo vyangu.

"Nina mkasi tatu hapa barazani," alisema. "Fundi mwenye mkasi hafungi fundo, anakata. Mwaka mzima kanzu zinatoka na mafundo. Nikajua zinatoka kwako. Fundi haoni, Masanja. Wateja hawajui, mimi najua. Ndiyo maana nilileta mashine."

"Ningekuja kabla ya Ramadhani, bwana. Nilipatwa na mkosi."

"Mkosi gani? Si Fundi alisema toka mwanzo kwamba utachelewa?"

Nikamuuliza mwanzo upi. Alifikiri. "Siku ninafungua mashine. Imetoka stesheni jana yake. Nikamuuliza Fundi, kijana anatoka lini, niitie mafuta? Akasema, usihangaike, hatoki mpaka Idi zote mbili zipite. Nikashangaa, maana karani wa jela alikuwa ameniambia unatoka karibuni."

Niliketi kwenye ngazi ya duka. Siku ya kufungua mashine ndiyo siku ambayo Fundi alituambia chumbani imefika na ni yangu, ndiyo siku ambayo Magesa alinikumbatia. Sindano ilipotea wiki mbili baadaye. Asubuhi alinipa mashine, mchana akamwambia Lalji sitakuja, na huku sindano bado iko pamoja na nyingine kwenye kikopo. Waswahili wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Sikuona cha kucheka. Nilikuwa na baridi, saa saba ya mchana, jua la Mwanza likiwa utosini.

Fundi alirudi akipapasa ukuta kwa mkono, taratibu, asionekane kwamba anapapasa. Nilimwamkia shikamoo kwa mazoea, akaijua sauti, uso ukamfunguka. "Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu kwako."

"Fundi," nilisema, "siku mashine ilipofika, ulijuaje kwamba sitatoka?"

Alikaa kwenye kiti chake, akaanza kutafuta kitu kwenye mtoto wa meza ambacho nadhani hakikuwamo. "Nani kakwambia?"

"Umeshanijibu."

"Kaa kwanza."

"Sikai."

Alishusha sauti, ingawa Lalji alikuwa ameingia ndani. "Jicho la kulia lilikufa kabla sijaanza kazi ya jela. La kushoto linaniaga. Mji mzima umenipa bafta yake ya Idi. Ningemrudishia nani, nikamwambia sioni? Nina jina, Masanja. Jina ndilo nililo nalo. Wewe ulikuwa unakula, unalala, huna mke, huna kodi ya kichwa ya kulipa. Nikasema miezi minne kwako si kitu."

"Ningekaa hapa nikakushonea. Si ndivyo tulivyokubaliana? Ningekushonea zote."

"Ukikaa hapa wangeona mkono ni wa nani," alisema. "Kule ndani hawakuona."

Nakiri kwamba sikutegemea ukweli. Nilikuwa nimejiandaa kwa viapo na machozi, na yeye akanipa ukweli, nikakosa pa kuushika. Nikatafuta jiwe jingine la kumpiga nalo. "Na Magesa je? Magesa alikukosea nini?"

Aliinua uso, na yale macho yake yaliyofifia yakanikuta sawasawa. "Magesa mimi sikumtaja," alisema. "Ulimtaja wewe."

Kesho yake alfajiri nilivuka kwa mtumbwi wa abiria kwenda Kamanga, maana nilisikia Magesa ametoka mwezi uliotangulia na anabeba mizigo pale ufukweni. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na maneno yote yalikuwa juu ya Fundi Salehe: alivyotudanganya, alivyotugombanisha, jinsi sisi wawili tulivyosalitiwa na mtu mmoja. Nilimkuta ametua gunia la mihogo mikavu. Hakukimbia, hakunipiga. Alinipeleka kwenye kibanda chake nyuma ya mwalo wa mitumbwi, akasema nisubiri, ugali uko motoni. Nikamwambia habari yote, mashine, Lalji, Idi mbili, macho ya Fundi. Alisikiliza akisonga. Nilipomaliza aliniuliza swali moja.

"Masanja, siku ile ulimwambia Bwana Jela umeniona. Uliniona?"

"Sikukuona."

"Haya."

"Fundi ndiye aliyenitia hayo maneno, Magesa. Alisema nani hukaa chini ya kofia."

"Yeye alikuuliza nani," alisema, bila kupandisha sauti. "Wewe kwangu hukuuliza hata hilo. Nilikuwa pale, hatua tatu. Ungesema tu, Magesa, ni wewe? Ningekwambia hapana, tungekula chakula chetu." Akaepua sufuria. "Mimi sina neno na Fundi. Yule hakuwa ndugu yangu."

Nilimwambia nitarekebisha. Nilisema nitakwenda kwa Lalji, nitamwambia cherehani ile ampe Magesa, mimi nikate vitambaa, au tukae kwa zamu, siku yake siku yangu. Nilikuwa nikisema kweli. Katika saa ile ningempa vyote. Alichukua kibuyu cha maji aninawishe kama mgeni, akakishika kwa mkono wa kushoto, na wa kulia akauweka chini kukikinga, na ndipo nilipouona. Kidole gumba hakikuwapo, kilikuwa kimebaki kipande chenye ngozi inayong'aa, na cha pili yake kilikuwa kimekauka, hakikunjiki.

"Jiwe?" nilimuuliza.

"Nyundo. Wiki ya tatu." Alinimiminia maji. "Nawa, ugali unapoa."

Tulikula sahani moja. Kulikuwa na furu wakubwa, wabichi wa asubuhi hiyo, na alinisogezea nyama kwa vile vidole vitatu vilivyobaki, bila kufikiri, kwa mazoea tu. Nilizimeza. Sijawahi kula chakula kigumu kama kile, na jela nimekula vingi. Aliponisindikiza mwaloni aliniambia nisirudi tena Kamanga kwa ajili yake, si kwa ubaya, ila kila akiniona ataikumbuka siku ile na angependa kusahau. Nimemtii. Sikumwona tena mpaka habari za kifo chake zilipofika, nami nilikuwa tayari na wajukuu.

Nani anajua mwanamume mwenye heshima angefanya nini asubuhi iliyofuata. Wengine wangekwenda mgodini, wengine wangerudi kwao kulima. Mimi nilikwenda kwenye baraza ya Lalji, nikaondoa kitambaa juu ya cherehani mpya, nikaketi. Fundi Salehe alisikia kiti kikilia, hakugeuka. Alinisogezea kanzu iliyokuwa mapajani mwake, iliyoshonwa hovyo, na mimi nikaifumua na kuanza upya. Kabla ya mchana mwenye kanzu alikuja, mzee wa mjini mwenye fimbo. Aliishika pindo, akaipapasa, akanitazama kwa furaha, barabarani watu wakipita na kila mtu akiniona kama nilivyotaka.

"Kijana, una mkono wa mwalimu wako," alisema. "Mwenyezi Mungu amlipe kwa aliyokutendea."

Fundi Salehe alisimamisha gurudumu la cherehani yake, akatega sikio. Nikasema, "Amina."